Chupa ya Marashi na Ukaguzi wa Pili

Leo nazungumza na msafiri wa ndege mbili. Anayepanda Dar es Salaam akashuka Dubai na kuchukua teksi kwenda hotelini, haya hayamhusu sana. Nazungumza na mama anayetoka Muscat kwenda kumtazama mwanawe Oslo, akashukia Frankfurt na kungoja saa tatu ndege ya pili. Nazungumza na kijana anayetoka Nairobi kwenda Minneapolis kupitia New York, na begi lake la mkononi limebeba chupa mbili za zawadi. Hawa ndio wanaopokonywa vitu vyao. Na uchungu wenyewe ni kwamba wanapokonywa vitu walivyovinunua uwanja wa ndege, tena wakiwa wameshika risiti.

Wengi wetu tunaamini kwamba ukishapita ukaguzi, ukaingia kwenye maduka yasiyotozwa ushuru, utakachonunua huko ni chako mpaka nyumbani. Imani hiyo haikutoka hewani. Duka liko ndani ya eneo la ulinzi. Muuzaji amekuomba boding pasi kabla hajapokea fedha yako. Amekufungia chupa vizuri, akakutakia safari njema. Ungeshuku nini? Lakini ndege ikitua kwenye uwanja wa katikati, abiria wanaounganisha huongozwa kwenye foleni nyingine. Mikanda inavuliwa upya, begi linapita kwenye mashine upya, na mkaguzi aliyeko pale hakuona lolote lililofanyika kule ulikotoka. Kwake yeye wewe ni abiria mpya mwenye chupa ya mililita 200.

Neno langu la leo ni hili: lawama ya chupa hizi tumeitupa mahali pasipo pake. Tumewalaumu wakaguzi, na tumewacheka abiria kwamba ni washamba. Anayestahili kuulizwa ni yule aliyepokea fedha.

Kwanza tutendee haki ulinzi wenyewe. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Agosti 2006, polisi wa Uingereza waliwakamata watu waliokuwa wamepanga kulipua ndege za abiria zinazotoka London kwenda Marekani na Kanada. Njama yao ilikuwa kuingia ndegeni na chupa za kawaida za vinywaji baridi, za nusu lita, ambazo ndani yake hakuna tena kinywaji bali kemikali za kulipuka. Vizibo vingebaki kama vilivyotoka kiwandani. Mwaka 2009 mahakama mjini London iliwatia hatiani vinara watatu wa njama hiyo. Kwa hiyo yule mkaguzi anayetazama chupa yako iliyofungwa na bado hatosheki hafanyi ukaidi. Kizibo kizima hakikuwa ushahidi wa kitu mwaka ule, na hakijawa ushahidi tangu hapo.

Siku za mwanzo hali ilikuwa ngumu kupita kiasi. Abiria waliokuwa wakiondoka Uingereza hawakuruhusiwa kupanda na karibu chochote mkononi, na akina mama wenye watoto wachanga walitakiwa kuonja maziwa ya mtoto mbele ya mkaguzi. Baadaye wataalamu wakatafuta njia ya katikati. Marekani ililegeza mwishoni mwa Septemba mwaka huohuo, na tarehe 6 Novemba 2006 Umoja wa Ulaya ukaanza utaratibu tunaoujua sote: kila chombo kisizidi mililita 100, na vyombo vyote viingie katika mfuko mmoja unaoonyesha, wa lita moja. Mwezi Machi 2007 Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, likawa limezishauri nchi zote duniani zifuate mkondo huo. Na hapa niwakumbushe jambo moja linalowaponza wengi: kinachopimwa ni chombo, si kilichomo. Chupa ya mililita 250 iliyobaki vidole viwili vya mafuta bado ni chupa ya mililita 250. Tena sheria haiangalii vinywaji na marashi peke yake. Asali ni kimiminika, samli ni kimiminika, achari ya embe ni kimiminika, na siagi ya karanga vilevile.

Sasa maduka ya uwanjani yangeishije? Mtu hanunui marashi ya mililita 100 tu, wala hakuna anayemnunulia mkwewe kichupa cha konyaki cha kuonjea. Ndipo ikatoka dawa yake, nayo ni mfuko maalumu. Pengine umeushika bila kuutilia maanani. Ni mfuko wa plastiki mzito unaoonyesha, una ukingo mwekundu kuzunguka pande zake, na mdomo wake una gundi ambayo ukijaribu kuibandua inaacha alama isiyofutika. Risiti inawekwa humohumo ndani, upande wa kusomeka, ili mkaguzi aone duka, uwanja na tarehe pasipo kuufungua. Mimi nauita mfuko wa lakiri, maana kazi yake ni ileile ya lakiri ya nta kwenye barua za zamani: inamwambia anayepokea kwamba tangu kutoka kule hakuna aliyetia mkono.

Mfuko huo ndio roho ya jambo lote hili. Ukiwa nao, umefungwa, risiti imo na tarehe ni ya karibuni, viwanja vingi vikubwa vitaipokea chupa yako kwenye ukaguzi wa pili. Ukiwa huna, au umefunguliwa, risiti peke yake haikusaidii kitu.

Nilisimama nyuma ya mama mmoja wa pwani yetu katika uwanja mmoja mkubwa wa Ulaya, amejitanda buibui, mtu wa makamo aliyekwisha kuwa bibi. Alikuwa anakwenda kumwona binti yake aliyejifungua. Kwenye trei alikuwa ameweka mfuko wa lakiri, na ndani yake chupa ya uudi kutoka duka la ndani ya uwanja mmoja wa Ghuba. Mdomo wa mfuko ulikuwa umechanwa. Mkaguzi, kijana mpole kabisa, akaunyanyua mfuko kwenye mwanga, akautazama mchano ule, akatikisa kichwa. Yule mama akanigeukia. “Mwanangu, mwambie nimeufungua ndegeni ninuse tu. Jirani yangu kitini aliniuliza nimenunua nini, nami nikamwonyesha.” Nikamweleza mkaguzi. Akasikiliza mpaka mwisho, akaomba radhi, na chupa ikaenda kwenye pipa pamoja na chupa za maji na losheni za watu wengine.

Nikauomba ule mfuko uliobaki mtupu nikausoma. Onyo lilikuwepo, kwa herufi kubwa, kwamba usifunguliwe mpaka mwisho wa safari. Lilikuwa la Kiingereza. Mama yule anasoma Kiswahili na anasoma msahafu, Kiingereza hakijui. Nilimuuliza kama dukani kuna aliyemwambia asiufungue. “Aliniambia *thank you*,” akajibu.

Basi hapo ndipo ninapopata ukali. Muuzaji alikuwa na boding pasi mkononi. Alikuwa na mfuko wenyewe, maana yake alijua kwamba bidhaa hii ina sharti. Sharti lenyewe lilihitaji sentensi moja na ishara ya kidole. Hata asiyejua lugha ya mteja anaweza kuonyesha mdomo wa mfuko na kutikisa kidole mpaka aeleweke. Duka linalojua kukuomba utambulisho, kukutajia bei kwa sarafu kadhaa na kukushawishi ununue ya pili kwa punguzo, halishindwi kulifanya hilo.

Na ukifuatilia biashara hii ilikotoka, deni lake kwa msafiri wa kuunganisha linazidi kuwa kubwa. Duka la kwanza la uwanja wa ndege lisilotozwa ushuru lilifunguliwa mwaka 1947 huko Shannon, magharibi ya Ireland, na aliyelianzisha aliitwa Brendan O'Regan. Enzi hizo ndege hazikuwa na uwezo wa kuvuka Atlantiki bila kutua kuongeza mafuta, na Shannon ndiyo ilikuwa ardhi ya mwisho upande wa Ulaya. Abiria walikuwa wakishuka, wakakaa wakingoja, kisha wakaendelea. Hawakuwa wameingia Ireland, walikuwa wapita njia. O'Regan aliona kwamba mtu huyo, ambaye hayuko ndani ya nchi kwa maana ya kodi, anaweza kuuziwa bila ushuru. Dubai ilipotaka duka kama hilo mwaka 1983, iliwaita wataalamu kutoka Ireland, na mmoja wao, Colm McLoughlin aliyekuwa ametoka Shannon, akabaki kuliongoza kwa takribani miaka 40. Kwa hiyo maduka haya hayakuzaliwa kwa ajili ya mkazi wa mji wala mtalii aliyefika. Yalizaliwa kwa ajili ya mpita njia, na hadi leo yeye ndiye anayejaza vikapu pale Dubai, Doha, Istanbul na Addis Ababa. Kumuuzia kitu ambacho huenda asikifikishe, bila kumwambia, ni kumvunjia uaminifu mtu aliyekujengea duka.

Tuje kwenye namna ya kujilinda, maana wakati tunadai haki yetu safari zinaendelea.

Ulaya ilikuwa ngumu zaidi zamani. Kwa miaka kadhaa, mfuko wa lakiri uliotoka nje ya Umoja wa Ulaya haukuwa na heshima kwenye viwanja vingi vya huko. Abiria kutoka kwetu alikuwa anapoteza chupa hata kama hakuugusa. Tangu tarehe 31 Januari 2014 mambo yamebadilika: viwanja vya Umoja wa Ulaya vinapaswa kuupokea mfuko huo na kuipima chupa kwa mashine za kutambua vilipuzi vya majimaji. Angalia neno kuipima. Hauruhusiwi kupita tu kwa sababu umefungwa, unaruhusiwa kupimwa. Mkaguzi anaweza kuufungua mwenyewe. Na kama mbele yako kuna ndege ya tatu, mwambie papo hapo, umwombe aifunge upya katika mfuko mwingine, la sivyo utaanza upya matatizo kwenye uwanja unaofuata. Abiria wanaotoka katika nchi chache ambazo Umoja wa Ulaya unaukubali ukaguzi wao, kama Marekani, Kanada na Singapore, kwa kawaida hawarudii zoezi hili wanapounganisha Ulaya. Viwanja vyetu vya Afrika Mashariki havimo katika orodha hiyo, kwa hiyo sisi tujiandae kukaguliwa.

Marekani ina mlango mmoja ambao wengi hawaujui, na laiti wangeujua. Ukifika kutoka nje, uwanja wako wa kwanza kugusa ardhi ya Marekani ndipo unapopita uhamiaji, na ndipo unapochukua sanduku lako kwenye mkanda hata kama tiketi yako inaendelea mbele. Unapita nalo forodhani, kisha unalikabidhi tena. Zile dakika kati ya mkanda na kulikabidhi tena ndizo za dhahabu. Fungua sanduku, ingiza chupa yako katikati ya nguo, funga, kabidhi. Yule kijana wa Minneapolis akifanya hivyo pale New York hana haja ya kubishana na mtu. Akiamua kubaki nayo mkononi, utaratibu wa Marekani unamkubalia ikiwa chupa ilinunuliwa nje ya nchi, imo katika mfuko wa lakiri usioguswa, na risiti haijapita saa 48. Huko Ulaya hupati nafasi hiyo ya sanduku, kwa sababu mzigo wako wa chini huhamishwa ndege hadi ndege bila wewe kuuona. Mama wa Oslo hana pa kuificha chupa yake Frankfurt. Mfuko wake ndio tegemeo pekee.

Kuna jambo la umbo la chupa, na hili linatuhusu sisi wapenzi wa uudi na marashi ya Kiarabu kuliko watu wengine. Mashine zinazopima majimaji zinahitaji kuona ndani. Kioo cheupe kinapenyeka. Chupa iliyovishwa madini, chupa ya kauri, chupa ya rangi nzito isiyopitisha mwanga, inaweza kuishinda mashine, na Wamarekani wanasema wazi kwamba kisichoweza kukaguliwa hakipiti, hata kama mfuko uko sawa. Sasa tazama rafu za marashi za Ghuba: chupa zimepambwa kwa nakshi za rangi ya dhahabu, zina vifuniko vya chuma kama kuba la msikiti, zimelazwa ndani ya masanduku ya mahameli. Zinapendeza, na nyingine zina thamani ya mshahara wa mwezi. Hizo ziweke kwenye mzigo wa chini tangu mwanzo. Zinunue mjini siku moja kabla, uzifunge vizuri katika sanduku, ukijua kwamba marashi katika mzigo wa chini yana kikomo chake: kila chupa isizidi nusu lita, na jumla ya marashi, losheni na mafuta ya aina hiyo isizidi lita mbili kwa abiria. Kwa pombe kali, kati ya asilimia 24 na 70 unaruhusiwa lita tano ndani ya vifungashio vyake vya dukani. Ikizidi asilimia 70 haipandi ndege kabisa.

Lakini kwa uudi nina ushauri ninaoupenda zaidi, na umetoka kwa wazee wetu. Nunua kwa tola. Mafuta safi ya uudi, waridi, miski na anbari tangu zamani yanauzwa kwa tola, na tola moja haizidi kama mililita 12. Vichupa vyake vidogo vya kioo, vya tola nzima, nusu na robo, vinaingia vyote ndani ya ule mfuko wa lita moja pamoja na dawa yako ya meno. Havihitaji lakiri, havihitaji risiti, unaweza kuvifungua ndegeni ukamnusisha jirani yako mpaka achoke. Laiti yule mama angeuziwa tola mbili za uudi badala ya chupa kubwa ya marashi ya kupuliza, binti yake angenukia siku ya arobaini.

Mtasikia pia kwamba haya yote yamefikia mwisho wake kwa sababu ya mashine mpya. Kweli zipo mashine zinazopiga picha ya begi pande zote, kama zile za hospitali, na zinaweza kutofautisha maji na kitu kingine bila chupa kutolewa. Mwaka 2025 viwanja vya Edinburgh na Birmingham viliacha kikomo cha mililita 100 na kuruhusu vyombo vya hadi lita mbili, na Umoja wa Ulaya ukakubali aina fulani ya mashine zifanye vivyo hivyo. Nafurahi. Hata hivyo msafiri wa ndege mbili asidanganyike. Viwanja vinabadilika kimoja kimoja, hata mlango kwa mlango ndani ya uwanja mmoja. Mwaka 2024 Uingereza na Umoja wa Ulaya zilirudisha kikomo kwenye mashine hizohizo kwa muda, baada ya abiria kuwa wameshaanza kuzoea uhuru. Katika safari ya viwanja vitatu, unapanga mzigo wako kwa kufuata kile kilicho kikali kuliko vyote, na mara nyingi hukijui mpaka umefika.

Wanaorudi nyumbani nao wasisahau forodha yetu. Chini ya sheria ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, abiria mtu mzima anasamehewa ushuru kwa lita moja ya pombe kali au lita mbili za mvinyo, na kwa marashi nusu lita kwa jumla, ambayo ndani yake pafyumu yenyewe isizidi robo lita. Kilichozidi hapo kina kodi, hata kama kilinunuliwa bila ushuru. Kusamehewa na duka la Dubai si kusamehewa na forodha ya Kigali au Mombasa.

Nimalizie na watu ninaowaomba wanisikilize kwa makini, nao ni vijana wetu wanaouza kwenye maduka ya ndani ya viwanja vyetu, Zanzibar, Kilimanjaro, Mombasa, Entebbe, Bujumbura. Mteja wenu mkubwa ni mtu wa kuunganisha. Mtalii anayenunua mafuta ya karafuu, asali ya nyuki wadogo au chupa ya Konyagi leo usiku atakuwa Doha, Addis Ababa au Amsterdam alfajiri, na huko atapita ukaguzi wa pili. Boding pasi anayowaonyesha inaweza kuwa ya ndege ya kwanza tu, kwa hiyo msiitegemee. Muulizeni kwa mdomo: unaunganisha wapi? Akisema anaunganisha, mtilieni bidhaa katika mfuko wenye ukingo mwekundu, risiti isomeke, mfungieni mbele ya macho yake, mwonyesheni gundi ile na mwambieni asiiguse mpaka afike kwao. Ikiwa ni Mswahili mwenzenu, mwambieni kwa Kiswahili, na mpigeni jicho kuona kama ameelewa. Na kama mifuko imekwisha dukani, mwambieni kabla hajatoa kadi, kisha mwonyesheni zile chupa ndogo za mililita 50, ambazo anaweza kuzipitisha popote.